Kidonge cha Mdogo Wangu

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hata paka akipotea hurudi kuangalia kama kuna maziwa. Wewe mwaka wa pili huu hatujakuona, miguu umeazimisha nani? U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, na safari hii sikufichi kitu. Dada yako ndiye anayeandika. Nimemkataza kunipunguzia maneno.

Ulisikia nilianguka. Ile dawa yangu ya sukari ilinivuruga tumbo, nikawa nakimbia chooni nguo ya mteja ikiwa bado kwenye sindano. Mdogo wangu, bibi yako mdogo, anameza yake na ametulia kama maji ya mtungini. Nikasema, sisi tumbo moja, tumenyonya ziwa moja, dawa yake itanikataaje? Akawa ananigawia vidonge vyake kimyakimya, nami vyangu nikaviacha. Siku hiyo napinda suruali, jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikaja kuzindukia hospitali. Sukari ilishuka nusura inizime.

Mdogo wangu alilia kandoni mwa kitanda kwamba ameniua. Baba yako alinigombeza wodi nzima ikasikia.

Daktari, kibinti wa miwani, hakunigombeza. Damu yangu ikapelekwa kupimwa mambo ya kurithi, vinasaba wanaviita. Majibu yakaja: mwili wangu unachelewa kukimaliza kidonge kile. Cha jana hakijaisha, cha leo kinafika, vinarundikana. Mdogo wangu mwili wake unakimaliza upesi. Nikabisha kwamba baba yetu mmoja, mama yetu mmoja.

“Bibi, wewe fundi,” akaniambia. “Jora la kitambaa ni moja, lakini kila mtoto alikatiwa kipande chake.”

Hapo nikamwambia, basi nipe dawa ya kipande changu.

Nimepewa dawa nyingine. Sukari imetulia, tumbo limetulia, nashona. Jana mdogo wangu kaniambia mshono wangu umepinda. Akianza kunisema, ujue ameacha kuniogopea kufa.

Sasa lako. Nasikia na wewe umekutwa na sukari, na baba yako anakufungashia vidonge vyake vya sukari. Usivimeze. Hata kama umefanana naye pua.

Shangazi yako na mdogo wangu wanakusalimu. Msalimie mwenzako na watoto. Mungu akutangulie mlangoni na akufuate nyuma.

Ukija, usipitie kwangu kwanza kunywa chai. Shuka, nenda kwa yule kibinti wa miwani, mpe mkono wako atoe damu, ndipo uje nikugombeze.

Anayekupenda hata ukitoroka,
Bibi yako