Turubai Imebaki Nyumbani

Jumapili, 10 octobre 1943

Cécilia, andika. Kaye hii ya kuandikia ni yako ya kwa masista, kreyo uliyoshika ni yako, lakini maneno ni yangu, usiyanyooshe. Hakuna mutu atasoma. Ni kwa kujua siku tu — siku makumi mbili za pori, na mimi nikifika ya tano nachanganya.

Basi. Serikali inataka mupira wa vita. Vita iko Ulaya, mupira iko kwetu, ndani ya kamba za pori! Jina la mwanangu Abedi limesomwa, na la bibi yake wa ndoa, Cécilia huyu anayeandika. Langu hapana. Mimi nakwenda tu. Nani atawapikia? Na Abedi ana kifua. Mwaka jana alilala miezi miwili, anatema damu. Nilizaa sita, amebaki yeye. Akilowa, nimekwisha.

Kapita Marcellin, anayetusimamia kwa kazi ya mupira, amesema: kila mutu kitunga kimoja, kwa sababu kurudi kitajaa mupira. Kitunga kimoja! Leo tukamwaga vitu vyote uani, tukachagua.

Abedi alileta shoka. Nikamwambia, rudisha, hatuendi kujenga misikiti. Panga mbili. Moja nzito ya njia na miti. Moja nyembamba ya kuchanja kamba — usizibadilishe, ile nyembamba ukipiga muti inajikunja kama sikio la mbwa. Sufuria, si chungu. Chungu ni tamu kwa sombe, majani ya muhogo, lakini teleza mara moja mutoni, utakula mbichi mpaka siku ya kurudi. Mimi nilikuta mambo haya zamani, nilipotoka Kasongo nyuma ya misafara, matiti yangu hayajatoka hata. Chumvi ndani ya kibuyu. Kiberiti ndani ya kibuyu kingine, mudomo umefungwa na nta ya nyuki. Mukeka. Bulangeti ya Abedi. Bunga ya muhogo ya kusonga bukari, nyingi, maana hiyo inakwisha na kitunga kinapata nafasi.

Abedi akauliza: mama, na turubai ya baba?

Turubai hiyo, bwana yangu Bulaimu alipewa na Muzungu mumoja. Alimubebea hema kwenda na kurudi Tanganyika, bega moja likabaki chini kuliko lingine mpaka kufa. Turubai nzuri. Maji hayapiti, yanatembea juu kama kwa manyoya ya bata.

Nikasema: nzito. Inakula nusu ya kitunga. Majani yako pori, yale mapana tunafungia bukari, ukiyapanga vizuri hata tone halipiti. Kwa nini kubeba nyumba kwenda mahali nyumba zinaota?

Abedi alikohoa. Turubai ikarudi ndani ya sanduku. Nimefunga. Funguo iko shingoni.

Cécilia, andika, usiniangalie.

Jumanne, 12 octobre

Tumetembea siku mbili. Miguu yangu imekuwa mihogo. Tuko watu kama makumi tatu, polisi mbele, polisi nyuma.

Marcellin, kapita, ni mutu wa kucheka na kila mutu, kumbe ana fimbo kwapani. Ameniuliza: bibi, wewe hauko kwenye karatasi, unafuata nini, unatafuta bwana kwa nyani? Nikamwambia: nyani nilimupata mumoja Kabambare, amefunga mukanda na anajiita kapita. Watu walicheka mpaka polisi akageuka! Marcellin pia alicheka. Halafu akasema pole pole, mimi peke yangu nasikia: rudi, bibi. Kule hakuna kitu.

Nilifikiri anataka kunitisha.

Jumatano, 13 octobre

Hakuna majani.

Andika tena. Hakuna majani.

Tumefika saa sita. Mahali pazuri kwa macho, kamuto kadogo, udongo umeinama vizuri, hakuna kichuguu karibu. Mimi mwenyewe ningepachagua. Nikamwambia Cécilia, wewe kata miti ya kusimamisha, mimi nakwenda kwa majani. Nimekwenda mbali. Shina, shina, shina — yote yamekatwa, yamekuwa meusi. Mutoni vilevile. Nimerudi na majani tisa, ya kutoboka.

Kuna mama mumoja hapa, Odile, yeye na watu wake wako tangu mwezi wa sita. Nyumba yake ni gunia na gome la muti. Aliniangalia na majani yangu tisa, akashika kiuno, akasema: Dada, tulikuwa watu mia mbili hapa, na kabla yetu wengine. Wote wameezeka. Wote wamefungia bukari. Majani gani tena?

Sikujua. Zamani tulilala siku moja, tukapita. Pori haikujua kama tulikuja. Sasa watu wanakaa, wanaondoka, wengine wanakuja wanakaa palepale.

Hata kamba za mupira ni hivyo. Abedi amezunguka mpaka jua kuzama, amepata mbili.

Usiku tumelala chini ya mukeka.

Jumamosi, 16 octobre

Mvua ya kweli imekuja. Mchana wote.

Mukeka ni kitu cha kulalia. Juu, unachuja maji kama kichujio cha pombe, yanakufikia safi! Nilijaribu gome kama Odile, lakini miti ya karibu imechunwa yote. Nilijaribu majani ya ndizi-pori, upepo umeyapasua kama kitambaa cha maskini. Nilichimba mufereji kuzunguka, vizuri, kwa panga nzito, maji ya chini hayaingii. Ya juu yanaingia.

Bulangeti ya Abedi imelowa. Ikilowa ni nzito kuliko turubai. Cécilia, hilo usiandike. Ameandika.

Kiberiti ni kavu. Watu wote wa kambi wamekuja kuomba moto kwangu. Odile akasema, dada, wewe unajua pori. Nilitaka kuingia ndani ya kibuyu nijifunge na nta.

Jumapili, 17 octobre

Mvua.

Jumanne, 19 octobre

Abedi hakusimama asubuhi. Mwili ni moto, meno yanagongana. Anashika upande wa kushoto. Nimemukanda na maji moto, nimemupa bukari nyepesi, ameirudisha. Alikohoa ndani ya jani la ndizi-pori, akalikunja haraka nisione. Mimi mama yako, nisione nini?

Cécilia amekata kamba peke yake tangu alfajiri. Mikono yake imeshikana na utomvu, anafungua vidole kimoja kimoja kwa kushika kreyo. Siku alipoolewa nilisema huyu binti wa masista atajua kusali tu. Nilisema mbele ya watu. Hajanijibu mpaka leo.

Tumekwenda kwa Marcellin. Nikasema, mutu ni mugonjwa, mupeleke dispansere Kabambare. Hakucheka. Amesema: mama, nikipeleka mutu bila kitunga kujaa, mimi ndiye nitalala chini kupigwa, na yeye atarudishwa. Polisi wako kwa njia. Wewe unaweza kupita, hauko kwenye karatasi. Yeye hapana, bibi yake hapana.

Vitunga vyao havijafika nusu.

Odile ametupatia gunia moja. Moja anayo. Amebaki na hiyo na gome.

Jumatano, 20 octobre

Cécilia, kaa hapa. Andika. Usisimamishe mukono hata nikisema nini.

Turubai haikuwa nzito. Bulaimu aliitembeza mpaka Tanganyika, na miti ya hema juu yake. Mimi mwenyewe niliibeba na mimba.

Bulaimu alikufa mwezi wa nne, mvua kama hii. Kaburi lilikuwa linajaa, wanatoa maji na ndobo. Wakashika turubai juu, pembe nne, wanaume wanne, wakamushusha. Hakulowa. Mutu amelowa maisha yote chini ya mizigo ya watu, siku hiyo hakulowa! Nikasema moyoni, hii nami nitafanyiwa. Nikaikunja. Nikaweka na karafuu ndani ya sanduku. Kila mwaka naitoa kwa jua, naangalia kama panya hajatoboa.

Abedi alipouliza, niliona utomvu juu yake, matope, cheche za moto. Niliona itarudi imetoboka na mimi nitalowa. Nikasema nzito. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Umeandika? Umeandika.

Machozi ya Cécilia yanaanguka juu ya kaye, anafuta na kiwiko kwa sababu vidole ni vya mupira.

Nikavua funguo. Nikasema, mimi nakwenda kuileta, mimi ndiye nitapita. Kitunga kitupu, panga nyembamba, njiti tano za kiberiti, zinazobaki ni zenu. Siku mbili, kwa miguu hii siku tatu. Kurudi tatu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti kubwa na Abedi akafungua macho. Tulifikiri amelala.

Amesema: mama, ile siku ya baba, mimi nilishika pembe moja.

Ndiyo. Alikuwa kijana bado, alisimama juu ya jiwe apate kulingana na wengine.

Akasema: na siku yako, ulifikiri nani atashika?

Wanne nilikuwa nimewahesabu zamani, kila mwaka nikiitoa kwa jua, wa kwanza yeye. Wa kwanza kila mara yeye.

Alitaka kucheka, kikohozi kikamushika.

Nimefunga kitunga mugongoni. Nimefika pale kwenye mufereji, na mawingu yamekuja kutoka upande wa mulima, meusi, yanashuka. Upepo umechukua majani yangu tisa yote. Mukeka umepasuka katikati. Nimerudi. Nitakwenda, lakini kwanza tumufunike Abedi.

Odile amekuja mbio na gunia yake ya mwisho, ameshona na yetu kwa kamba, haraka haraka, inatosha kufunika mutu mumoja. Miti ya kufungia haisimami, matope yanaiachia. Basi tunashika na mikono. Odile ameshika pembe moja. Mimi moja. Marcellin amekuja, hakuna aliyemwita, ameweka fimbo chini na ameshika moja. Abedi anatuangalia kutoka chini, mumoja mumoja.

Matone yameanza.

Imebaki pembe moja. Cécilia, weka kreyo chini.