Tao la Mlango wa Kanisa

Mjukuu wangu Fausta,

Marahaba. Huku Mbaha sote wazima, na mihogo imestawi. Umeuliza matao ya makanisa ya kale mnayosoma chuoni yalisimamaje bila nondo.

Nilipokuwa msichana nilibeba mawe ya kanisa letu. Mafundi walipanga tao juu ya mbao, jiwe la katikati likaingia mwisho kuyabana mengine. Desturi yao, mbao zikitolewa, aliyeweka jiwe hilo husimama chini yake. Fundi wa siku ile alisimama pale akitazama juu tu. Nikatua mzigo wangu, nikaenda kusimama naye. Mbao zikatoka, tao likabaki.

Fundi yule ni babu yako. Kila Jumapili tunapita hapo, naye bado hutazama juu kwanza.

Bibi yako