Baba, Mwezi Bado Ananyolewa

Mwaka umetimia, Baba, tangu uweke chini mashine yako ya kunyolea, ukasema unapumzika kidogo, na kidogo hicho kikawa moja kwa moja.

Ulikuwa kinyozi, lakini mdomo wako ulifanya kazi kuliko mikono. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni, amekwisha! "Paukwa!" Asipoitika "Pakawa!" humnyoi. Ukifika penye utamu unazima mashine, unamwacha na nusu kichwa mpaka akubembeleze. Wapo waliochelewa kazini kwa ajili yako, na bado walirudi. Ndevu zako mwenyewe zilikuwa msitu. Mama akikusema, unacheka tu: "Kinyozi hajinyoi, mke wangu."

Hadithi yako kubwa ilikuwa ya Mwezi, aliyekuwa na nywele nyingi hadi zikaziba mbingu, na Jua, kinyozi wake, aliyemnyoa kidogo kidogo mpaka kikabaki kipara.

Binti yako mkubwa, mwalimu wa fasihi, aliogopa hadithi hiyo isije ikapotea nawe. Wiki chache baada ya mazishi alituketisha mezani ili aiandike. Lo! Kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Kitinda mimba, aliyekuwa mwoga wa shule, ulimwambia Mwezi alijificha siku mbili tu kwa aibu ya kipara, kisha akatoka. Mjomba, kwa ugomvi wake, ulimpa Jua aliyeungua vidole. Tukazozana hasa. Dada akatupa kalamu, machozi yanamtoka: "Basi hakuna hadithi! Baba alikuwa anatuzuga tu!"

Muuza mkate, mteja wako wa miaka yote, alikuwa amekuja kutujulia hali. Akauliza, "Kwani vichwa vyote alivinyoa namna moja?"

Dada akaiokota kalamu yake. Siku hizi Dada anawaambia wanafunzi wake, kifua mbele, kwamba kabla ya kalamu fasihi ilikaa mdomoni na sikioni, na kwamba hata visasili vya kale vilisimuliwa hivyo, msimulizi akimtazama aliye mbele yake.

Kinyozi sasa ni Kaka, yule uliyemwita Bubu kwa uchache wa maneno. Wiki iliyopita aliingia mama mmoja ambaye dawa za hospitali zilikuwa zimempukutisha nywele mafungu mafungu. Alitaka zilizobaki zitolewe zote. Kaka akawasha mashine, akaizima.

"Paukwa," akasema. Baba, ungemsikia!

"Pakawa," yule mama akaitika kwa sauti ndogo.

Hadithi ya Mwezi ilipokwisha alijipapasa kichwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwisho ule hatukuwahi kuusikia kwako, wala kwa mtu mwingine yeyote.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mwalimu, kitinda mimba wako, shemeji yako mgomvi, wajukuu, wateja wako wote, na Bubu, ambaye sasa hanyamazi.

Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau.