Kumi na Sita Haifutiki

Baba Jovitha,

Uji wa ulezi uko kwenye chupa. Hauna sukari, wala usiitafute, kopo zima nimempa jirani Madhuben. Dawa unameza ukishakula.

Asubuhi kipimo kiliposoma kumi na sita, ukaapa mashine imekufa. Nikachukua sindano mpya nikajichoma mimi, ikasoma tano. Ukasema basi mashine inapendelea wanawake! Karibu nicheke, ila nilikuwa nimeshakuta kashata tatu kwenye mfuko wa shati lako nikienda kufua. Nilipokuonyesha ukanijibu, "Kwani wewe nesi wangu?" Tena mbele ya mtoto. Iliniuma kuliko sindano. Nesi akimaliza zamu anaenda kwake. Mimi ukianguka tena dukani kama ile Pasaka, nitaenda wapi?

~~Kliniki leo nenda peke yako.~~ Hapana, nitakusubiri mlangoni saa nane, tuingie wote kwenye kikundi cha wenye kisukari. Beba daftari la vipimo. Hiyo kumi na sita iandike hivyo hivyo, usije ukaifanya sita. Mwezi uliopita mzee Robert alikiri soda mbele ya watu wote, wakampigia makofi.

Na vaa raba. Tukitoka tunatembea mpaka Mnazi Mmoja. Daktari alisema nusu saa, mimi naomba saa nzima, maana tangu tufungue duka hatujawahi kutembea pamoja.

Mama Jovitha