Hita ya Vijiko

Mjomba,

Usichomeke kitu chochote jikoni, soketi imeungua. Viazi vimo sufuriani, ~~usiviguse~~ kula tu.

Ninampeleka mama zahanati. Asubuhi alitaka maji ya moto, akatumbukiza ndooni ile hita yako ya vijiko viwili, unayojisifu kuwa uliibuni kabla sijazaliwa. Hata plagi haina, waya umezikaza kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Huo ndio ufundi wako! Eti mtu akivaa kandambili, umeme haumpati. Leo kandambili za mama uliondoka nazo wewe. Akapima maji akiwa peku, akagusa kijiko, umeme ukamrusha hadi mlangoni. Vidole vimeungua, sindano haishiki. Vidole hivyo ndivyo vinavyotulisha kwa cherehani, na wewe ukiwemo, fundi wa kijiweni.

Vijiko nimevitumbukiza chooni. Ukivitaka, vifuate.

Mama ananiomba nimwambie daktari kwamba ameungua kwa chai, ili kaka yake asiaibike. Unajua mbele za watu huwa sifungui mdomo. Leo nitaufungua.

Mpwa wako