Beji ya Rafiki wa Chuo

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Shati lako la sherehe ya chuo nimelipiga pasi. Usilivae kabla hujala.

Nimetangulia. Ulipokuwa bafuni mkuu wa chuo alinipigia: jiko kubwa limegoma kuwaka, na wahitimu mia tatu wako njiani. Ndiye huyo huyo aliyeniletea beji ya “Rafiki wa Chuo”, mimi niliyewapikia miaka ishirini na mbili! Eti za “Mfanyakazi” zimeisha. Na wewe ukacheka.

~~Nitaliwasha tu, yaishe.~~ Nitaliwasha nikishapewa beji yangu.

Ile ya rafiki nimeibandika kwenye koti lako. Inakufaa: siku wenzako wa chuo walipofanya mtihani wa mwisho, wewe ulikuwa jikoni kwangu, unakwangua ukoko.

Mama watoto