Shikamoo Isiyoitikiwa

Jumanne, Kurasini

...bado namwona yule mama. Hakunitazama machoni, alitazama barakoa yangu.

Dukani kwetu asiye na barakoa haingii, na mlangoni nakaa mie. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Kimya. Mtu mzima akikunyima marahaba mbele za watu amekudharau, nikachukia. Nikamwambia kwa ukali arudi kwake akachukue barakoa. Akazidi kukodolea macho pale mdomo wangu ulipotakiwa kuwepo.

Hapo lori la kontena likapiga honi nyuma yake. Foleni nzima ikaruka. Yeye hakushtuka hata kidogo. Tukabaki tunamtazama, nyuso zote hazina midomo.

"Shusha hiyo, mwanangu," akasema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Mie sisikii, nasoma midomo." Akatoa barakoa kwenye mkoba. "Ninayo. Naivua ili mnigombeze, maana watu wakigomba hushusha zao. Tangu mvae hizi, mji mzima umenyamaza."

Nikashusha, nikamwamkia upya. Akaitikia.

Nimerudi nyumbani jioni nikamkuta mama yangu uani anachambua mchele, amenipa mgongo. Wiki ya pili sasa haitikii salamu yangu, nami nilijua amenuna tu kwa sababu ya ile ishu ya mchumba wangu, ambaye yeye hamtaki.

Nikasema shikamoo mama. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Mikono yake ikaendelea na mchele.

Aligeuka pale tu kivuli changu kilipoangukia ungo, akanitazama moja kwa moja mdomoni. Nilikuwa sijavua barakoa.